Mama Mchanga na Jukwaa la Shimo la Saba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Mchanga wa kikosi cha uwanja anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Na jamani, anaondoka kwa kishindo!

Kwa wasiomjua, yeye ndiye msimamizi wa majukwaa ya kuanzia, vile vipande vya nyasi vilivyoinuliwa ambapo mchezaji wa gofu hupiga mpira wa kwanza wa kila shimo. Alianza kama kibarua wa kung'oa magugu, akapewa mashine ya kukatia nyasi, hatimaye akakabidhiwa majukwaa yote. Jina alipewa na wachezaji, maana haonekani bila ndoo ya mchanga. Ukichimbua nyasi kwa fimbo yako, hata hujageuka, kashafukia, kashamwaga mbegu, na jicho kashakukata. Mumewe, seremala, husema uwanja huu ni mume mwenza.

Bidii hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Kwenye jukwaa la shimo la saba kila mtu hupenda kupigia katikati. Basi mchanga wa miaka yote ukarundikana hapo mpaka jukwaa likaota kitambi. Wachezaji wakawa wanateleza, malalamiko yakamiminika, na uongozi ukaamua: nyasi zing'olewe, imwagwe zege, litandikwe zulia la plastiki. Zulia likanunuliwa kabisa.

Mama aliposikia, alimwendea nahodha wa klabu, akakiri kwamba kitambi kile ni kazi ya mikono yake, akaomba aachiwe akiondoe mwenyewe kabla ya kustaafu. Nahodha akakubali kwa shingo upande. Ikishindikana, zulia lingetandikwa siku ile ile ya kumuaga.

Sisi wenzake wa kikosi tulifanya kazi, asikwambie mtu! Tulikata nyasi vipande vipande pamoja na mizizi yake, tukazikunja kama mikeka, tukakwangua mchanga wa katikati na kuusogeza pembeni. Mumewe akaleta ubao ulionyooka na pima maji. Mama alikuwa analala kifudifudi, shavu chini, akichungulia chini ya ubao. Akiona mwanga unapenya, tunaanza upya. Tulinuna, tulimteta, tukarudia. Kisha tukazitandaza nyasi, tukamwagilia, tukangoja kama ndugu wa mgonjwa nje ya wodi. Zikashika!

Jana nahodha alikuja kukagua. Akaweka mpira katikati, ukatulia. Akauweka pembeni, ukatulia. Akaupiga, ukaishia vichakani, na safari hii hakuwa na jukwaa la kulisingizia. Akacheka mwenyewe, akampa Mama mkono, akaagiza zulia liondolewe. Sasa liko mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, tunafutia viatu. Mama alilia, nasi tukalia naye bila aibu.

Mama yetu, ahsante kwa ukali wako na kwa moyo wako. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku ndefu za raha ukiwa na mumeo, ambaye hatimaye amekupata peke yake. Nenda kwa amani, Mama. Nyasi zako tutazitunza.