Mzee Mwinyihaji, Aliyekufa Kila Asubuhi

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Mwinyihaji Mwidani anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Tuzikane kwa miaka thelathini na moja. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na nikaambiwa niuchangamshe. Nitajaribu. Ila msomaji asinilaumu akiona majonzi yamenizidi nguvu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeachiwa kazi yake, na kusema kweli sioni nitaiweza vipi.

Kwa walioajiriwa juzi, niwakumbushe sisi ni nani. Wanachama wetu ni watu wa bandarini, wa viwandani, wa magari na wa maofisini, kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Wamejiunga ili mmoja wao anapofariki, wengine wapate habari mapema na wamzike. Kazi yetu ni hiyo tu. Habari ikichelewa tumeshindwa, hata kama chai ya ofisi ilikuwa tamu na mahesabu yamekaa sawa. Kwa wanachama wetu Waislamu, aliyefariki alfajiri huzikwa adhuhuri, na hapo hapana nafasi ya ujumbe kulala njiani.

Mzee Mwinyihaji aliingia mwaka 1994 akiwa tarishi. Alipewa baiskeli nyeusi na eneo lote la bara, na habari za misiba alizipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Alikuwa na utaratibu wake. Alipiga hodi, akaamkia, akaomba maji ya kunywa, na aliyemletea maji akaketi naye, ndipo akasema. Hakutaka mtu apokee msiba akiwa wima. Anasema miaka ile alikunywa maji mengi mpaka akajua visima vya Likoni kwa ladha, kipi cha chumvi na kipi kina afadhali.

Kompyuta zilipokuja hakuzikimbia kama wenzake wa rika lake. Alisomea masomo ya jioni, akawa karani wa mitambo, kisha mjaribu wa mifumo, cheo ambacho hapa kwetu amekishika yeye peke yake. Kazi yenyewe naieleza kwa ufupi. Katibu wa tawi anapoandika kifo kwenye simu yake, simu hiyo hupeleka ombi kwenye mfumo wetu kupitia mlango unaoitwa API. Mfumo wetu nao hupiga hodi kwa mfumo wa kampuni ya simu, na ujumbe ukawafikia wanachama. Mjaribu ni mtu anayepiga hodi kwenye milango hiyo kabla ya wenye shida, aone kama inafunguka.

Zana za kupigia hodi ni nyingi, na kwa miaka mingi ofisi yetu iligawanyika juu yake kama watu wa timu mbili za mpira. Mzee Mwinyihaji alipenda programu ya pembeni yenye vifungo. Unaifungua peke yake, unajaza anwani ya mlango, unabonyeza, na jibu linatokea chini kwa rangi. Gedion Oduor, aliyekuwa mwandishi wetu wa mifumo, aliidharau. Yeye aliandika maombi yake kwenye faili za kawaida ndani ya ile ile programu anayoandikia msimbo, yaani maandishi yanayoiamuru kompyuta, akayapeleka kutoka hapo hapo bila kuhama dirisha. Gedion alisema anayetoka nje ya msimbo ili kuujaribu ni kama mpishi anayetoka barabarani kuonja mchuzi. Mzee alimjibu kwamba wapishi wanaoonja mbele ya jiko ndio wanaoungua ulimi. Walitaniana hivyo kila saa ya chai, na sisi wengine tulicheka, tusijue kuna siku jambo hilo litamwumiza mtu.

Siku hiyo ilikuja. Usiku wake mfumo wetu ulifanyiwa mabadiliko na mlango wa matangazo ukakwama. Asubuhi Mzee Mwinyihaji aliketi ajaribu kama kawaida, lakini ile programu ya vifungo ilitaka kwanza aingie kwenye akaunti yake, na akaunti iko mbali kwenye mtandao, na mtandao wa Changamwe nzima ulikuwa umelala. Maombi yake yote yalikuwa ndani ya akaunti hiyo. Mtandao uliporudi, akagundua mlango umekwama, ilikuwa karibu adhuhuri. Kumbe alfajiri alikuwa amefariki baba yake Nadira, keshia wetu wa tawi la Mjambere, na tangazo lake lilikuwa limelala mlangoni. Ndugu zake waliokuwa Likoni walishughulika na kuosha na kukafini, kila mmoja akidhani mwenzake ameshampigia dada yao, na wote wakijua kwamba ujumbe wa Ushirika haukosi. Nadira alifika jeneza limeshatoka nyumbani.

Alirudi kazini baada ya siku za matanga, akapita mezani kwa Mzee Mwinyihaji, akasema, "Shikamoo, Mzee. Sikumwona uso." Hakulalamika kwa mtu mwingine yeyote. Mzee Mwinyihaji hakula mchana ule. Kesho yake alimwendea Gedion, kijana wa umri wa mwanawe, akamwambia, "Nifundishe hiyo yako."

Gedion alimfundisha. Maombi yakahamishwa yote kuwa faili zinazokaa pamoja na msimbo wenyewe, mtandao uwepo usiwepo, kila mtu akiweza kuyasoma na kuona nani kabadilisha nini. Tukawa na mfumo wa majaribio kwenye kompyuta ile ile na simu moja ya ofisi ya kupokea ujumbe, wa majaribio na wa kweli. Tangu hapo Mzee alijaribu kila asubuhi kabla ya kugusa chai. Tena hakuridhika na jibu la kwamba mambo ni sawa; aliichukua simu na kuusoma ujumbe kwa sauti, tangu salamu hadi mwisho, ajiulize kama mtu aliyefiwa anaweza kuusikia. Alipoona maneno magumu, aliyalainisha.

Hapo ndipo likazuka jambo la jina. Ili kuujaribu mlango wa misiba lazima utaje marehemu, na mfumo haukubali jina lisilo la mwanachama. Gedion, asiyejali mambo hayo, alikuwa ameandika jina la Margret wa mapokezi. Margret akapita nyuma yake na chupa ya chai, akajisoma kwenye skrini kuwa ametutoka. Chupa ilivunjika, na Jumapili yake aliombewa kanisani mbele ya watu wote. Mzee Mwinyihaji akapiga marufuku. Jina la mtu aliye hai halichezewi, alisema, na mwenye ruhusa ya kumfisha Mwinyihaji ni Mwinyihaji. Akaandika lake.

Basi akawa anakufa kila asubuhi ya kazi. Ukifika ofisini unamkuta marehemu anakunywa chai na mahamri, anakuuliza umeamkaje.

Mwaka uliofuata alikufa kwa kishindo. Ile programu ya msimbo, kwa uzuri wake wote, huonyesha kwa neno dogo tu pembeni chini kama unazungumza na mfumo wa majaribio au mfumo wa kweli. Gedion alikuwa amefuatilia hitilafu jioni iliyotangulia akaliacha neno lile kwenye kweli. Asubuhi Mzee akabonyeza, na wanachama wote wa Likoni, Kisauni na Changamwe wakapata habari kwamba Mwinyihaji Mwidani wa Bofu, Likoni, amerudi kwa Mola wake.

Bofu ilijaa. Mikeka ikatandikwa, jeneza likaletwa kutoka msikitini, vijana wakashika majembe, na wenzetu wa Changamwe wakakodi basi. Bi Barke, mkewe, alikuwa jikoni na alikuwa amemsindikiza mumewe mlangoni muda si mrefu. Akawaona akina mama wanaingia wakilia, akalia nao asijue anamlilia nani. Habib, binamu yake Mzee, aliipigia simu ya marehemu ili aongee na yeyote aliye karibu na maiti, akapokelewa na maiti mwenyewe. Habib alikata simu na hakuishika tena siku nzima. Mzee alipofika nyumbani alipita katikati ya waombolezaji akiomba radhi kila hatua, hadi mbele ya mkewe. Bi Barke alifuta uso kwa ncha ya leso, akasema, "Mume wangu, ukifa tena niarifu mimi kwanza."

Tangu siku ile, programu ya msimbo hugeuka nyekundu skrini nzima ikielekezwa kwenye mfumo wa kweli, na huuliza mara tatu kabla ya kupeleka kitu, kama hodi. Rangi hiyo Mzee aliitoa kwenye ile programu yake ya vifungo aliyoipenda, na Gedion aliiweka bila ubishi. Ndivyo vita vya zana vilivyokwisha hapa kwetu. Katika miaka iliyofuata hakuna mwanachama aliyekosa kuzika mtu wake kwa sababu yetu. Kama ofisi hii ina jambo la kujivunia, ni hilo, na aliyelifanya ndiye anayeondoka.

Sasa nifike nilipokuwa napaogopa. Gedion alishahamia Nairobi. Nafasi ya mjaribu imefungwa, hataajiriwa mtu; mimi naishikilia tu juu ya kazi yangu. Tumeambiwa kuna programu itakayojaribu yenyewe usiku na kutoa alama ya kijani. Sina ugomvi na alama ya kijani. Lakini alama haichukui simu ikasoma ujumbe kwa sauti. Nilisema hayo kwenye kikao, nikayasema tena, wakaitikia kwa vichwa na kuendelea na ajenda nyingine. Nimechoka kusema. Sina tumaini kwamba mtu atanisikia, na ninajua ipo familia mahali fulani, Mjambere au Bofu, ambayo leo inacheka na haijui kwamba itakuja kumlipia mtu tuliyemwacha aende bila mrithi. Wakati mwingine nakaa mbele ya ile meza yake nikatamani nami niache kazi niende zangu kwetu Kitui.

Na kuna lililo baya kuliko hayo. Mwezi uliopita Mzee alikuwa likizo, nikajaribu mimi. Simu ya ofisi ikalia, nikasoma: Tunasikitika kuwaarifu kifo cha mwenzetu Mwinyihaji Mwidani. Nikaufuta ujumbe, nikaendelea kumenya yai. Mkono ukanisimama katikati. Nilikuwa nimesoma msiba wa mtu ninayempenda kama baba yangu na moyo haukustuka hata kidogo, kwa sababu umeshazoea. Nikafikiria siku ile, Mungu aiweke mbali, ambayo jina hilo litakuja kutoka tawi la Likoni, la kweli, asubuhi, wakati ule ule wa majaribio. Nitalifuta. Nitaendelea kula. Na Bi Barke atakaa na maiti yake ndani akitungoja, na adhuhuri itaingia.

Alipotoka likizo nilimweleza, nikalia mbele yake bila haya. Aliniketisha. Kisha akasema, "Basi nitoe humo, mwanangu. Nimekufa vya kutosha, mara moja iliyobaki niachie ya nyumbani."

Kumtoa ni rahisi, ni kufuta maneno mawili kwenye faili. Kuweka mwingine ndiko kulikotushinda. Nilizunguka ofisi nzima nikiomba mtu atukopeshe jina. Margret alishika rozari kabla sijamaliza kueleza. Menza wa masijala alisema angekubali yeye, ila kwao Kaloleni mamake akisikia ataitisha kikao cha ukoo. Meneja alishauri tutunge jina na kuliandikisha uanachama, tukatunga moja baada ya jingine, na kila tulilotunga tulikuta lina mwenyewe kwenye orodha ya wanachama, yu hai na watoto wake. Nadira, aliyekuwa ameleta hesabu za Mjambere, alisikiliza kutoka mlangoni, akasema angetoa lake, nami nikamwambia aache.

Mzee Mwinyihaji, tutakutana ukumbini Ijumaa baada ya sala, pilau itakuwepo, na risala ndefu za wakubwa pia. Mimi sitaweza kusimama kusema, kwa hiyo nasema hapa. Asante kwa baiskeli na kwa maji ya kila nyumba. Asante kwa kukubali kujifunza upya kwa ajili ya Nadira, ukiwa na umri ambao wengine hutaka kuachwa walivyo. Tunakuombea afya, wewe na Bi Barke, na asubuhi ndefu za barazani Bofu ambazo hazina simu ya ofisi.

Jana jioni wenzangu walipoondoka nilifungua faili. Skrini haikuwa nyekundu, niliangalia mara tatu. Nikafuta jina lako na kuandika langu, Pascalia Mwende, mwanachama wa tawi la Changamwe. Mama yangu asije akajua. Kila asubuhi atakayekufa hapa sasa ni mimi. Wewe, Mzee, umeshamaliza. Kaa nyumbani uishi, na jina lako likija tena kwenye simu ile, nitainuka.