Malkia Aliyeyaacha Maneno ya Mumewe

Kwenye benchi la Yu Painem muuza kahawa, ubavuni mwa jumba la ketoprak, michezo ya jukwaani ya Kijava, mjini Solo, kahawa humiminwa kisahanini ipoe, lakini umbea haupoi. Asubuhi hiyo Sulasmi alikaa mwisho wa benchi, kajitanda kitambaa, uso hauna hata poda. Wanakijiwe walimtazama miaka yote akiwa malkia jukwaani, ila bila rangi usoni hawakumjua. Alikuja kusikia wanakijiwe wanamhukumuje. Ketoprak ya kwao haina maneno ya kukariri: mtunzi hubandika karatasi moja nyuma ya jukwaa, nani anaingia, nani anakufa, na mchezaji hujitungia ya kusema. Safari hii mumewe, Pak Wiryatmo, mtunzi anayesifika mpaka Jakarta, alileta mchezo ulioandikwa kila neno. Jana Sulasmi aliyaacha maneno hayo njiani, akasema yake. Ukumbi ulisimama kumshangilia, watu wakamtuza kwa kurusha pakiti za sigara jukwaani. Mume akaondoka kanuna. Leo mchana kikundi kingeamua kama taji apewe mwingine.

— Yule mama ana sindano ya dhahabu ya mganga chini ya ngozi ya shavu, alisema Gavana, fundi baiskeli asiyewahi kukosa jibu. Hata akipiga chafya, watu wanalia.

— Acha kamba, Pak! Karafuu, aliyeitwa hivyo kwa sigara zake za karafuu, alipuliza moshi. Mumewe alikuwa chini ya jukwaa, anamnong'oneza. Bila kichwa cha Pak Wir, yule ni kinyago tu.

— Si alikaa kiti cha mbele, kila mtu anamwona? alidakia Yu Painem.

— Basi alinong'ona kwa mbali. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Methali haiulizwi, Yu, inaheshimiwa.

— Nyie watoto, alisema Gavana. Alipandwa na jini, Malkia wa Bahari ya Kusini mwenyewe, mpenda kijani. Ndiyo maana alivaa kijani.

— Alivaa nyekundu.

— Si anajificha asijulikane!

Sulasmi roho ilimuuma. Sindano imesifiwa, mume kasifiwa, jini kasifiwa. Yeye hana lake. Alikuwa amekusudia kusikiliza tu, lakini mdomo ulimtangulia.

— Samahanini, wakubwa, mie mgeni. Huyo Pak Wir, kabla hajamwoa, alitunga mchezo gani?

Gavana akamgeukia Karafuu.

— Alitunga ule... wa jemadari, alisema Karafuu.

— Huo aliutunga mkewe ana mimba ya kwanza, alisema Yu Painem.

— Basi ule wa mjane.

— Huo mtoto keshaanza shule.

Gavana aliinua kisahani, kilikuwa kitupu. Sulasmi aliwatazama, na furaha ikampanda mpaka kooni. Miaka yote yeye alisema jukwaani, mume akarudi nyumbani akayaandika yakawa michezo yake, na Sulasmi mwenyewe alikuwa karibu asahau.

Akavua kitambaa, akacheka kile kicheko cha malkia kinachofika viti vya nyuma. Sigara ikamdondoka Karafuu. Gavana akasimama kama alivyosimama jana.

— Yu, niongezee kahawa! alisema Sulasmi.

— Imekwisha, Malkia, alisema Yu Painem.

— Basi naenda kwenye kikao. Na mkimwona Pak Wir, mwambieni aje jioni na kalamu. Nina mengine ya kusema.