Flurina Stupan, Aliyeusikiliza Mlima Sgrischa

Tumshukuru Mungu kwanza kwa mahali tuliposimama. Mwaka jana wakati kama huu hakuna aliyeruhusiwa kuingia Pradsura hata kufuata koti alilolisahau, na leo tumepanda kwa miguu yetu hadi makaburi ya kanisa letu kumlaza Flurina kando ya wazazi wake. Msiba ni msiba, na macho yetu mmeyaona. Lakini familia inasema wazi tangu mwanzo kwamba pamoja na huzuni, tumepumua. Wasifu huu unasomwa na Aita, mdogo wake wa pekee, ambaye ameomba atajwe kwa jina lake kama wengine.

Marehemu Flurina alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 hapa Pradsura, katika nyumba ya pili chini ya kanisa, akiwa kifungua mimba wa Mzee Duri Bezzola, mfugaji, na Mama Mengia. Theluji ilikuwa bado imefunga barabara, na mkunga aliletwa na farasi. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto hakulia, bali alitulia kama mtu anayesikiliza, mpaka mkunga akamchapa kofi la pili. Mama alipenda kutia chumvi, kwa hiyo tunawapa habari hiyo kama tulivyoipokea.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1969, wakati madarasa yote yalikaa chumba kimoja chenye jiko moja la kuni, kisha akasoma sekondari bondeni. Mwaka 1981 alijiunga na chuo kikuu cha ufundi cha Zürich kusomea fizikia ya ardhi, na mwaka 1991 akapata shahada ya uzamivu. Huko alizungumza Kijerumani kama kawaida, ila alipokasirika alirudi kwenye Kiromanshi chetu, na wenzake wakajua ndio wakati wa kunyamaza.

Alifunga ndoa na Jachen Stupan, fundi wa mikongo ya simu, tarehe 18 Juni 1994 katika kanisa hili. Jachen alikuwa amechimba mtaro karibu na vyombo vya Flurina vya kupimia matetemeko akamharibia kipimo cha mwezi mzima. Alisemwa asubuhi nzima. Kesho yake alirudi na keki ya jozi, na wote mnaomjua Jachen mnajua hajawahi kuomba radhi kwa njia nyingine. Mungu aliwajalia watoto wawili, Andri na Ladina.

Marehemu alifanya kazi ya kupima matetemeko Zürich hadi mwaka 2015, waliporudi nyumbani na mumewe. Mwaka uliofuata kijiji kiliwekewa mkongo wa faiba kando ya barabara, kutoka bondeni hadi malisho ya juu, chini kabisa ya Sgrischa. Sisi wengine tulifurahia televisheni. Flurina alifurahia jambo jingine: ukipitisha mwanga ndani ya uzi ule wa kioo, ardhi ikitikisika popote njiani, mwanga kidogo hurudi na habari. Akaandika programu ya kuzionyesha habari hizo, akaiita Uraglia, yaani sikio. Haikuwa na picha za kubonyeza wala urembo wowote. Unaandika mstari mmoja wa amri kwenye skrini nyeusi, kompyuta inakuchorea barabara yote kutoka kushoto hadi kulia, saa zikishuka chini, na kila palipotikisika panapakwa rangi. Aliigawa bure, na hata wapimaji wa mbali na kwetu walikuja kuitumia. Jachen alipanda barabara yote na nyundo kubwa akigonga ardhi kwenye kila kona, naye Flurina akitazama skrini ili ajue kila kona inaangukia wapi kwenye mchoro. Waliokuwa mashambani walidhani wamegombana tena.

Mwisho wa amri ile kulikuwa na namba moja, ya kuiambia kompyuta mtikisiko wa kiasi gani upakwe rangi. Ukiishusha mno, hata panya anakuwa maporomoko. Ukiipandisha mno, hata maporomoko yanaonekana yamelala. Septemba 2018 Flurina aliishusha mno, Uraglia ikawaka nyekundu, na kijiji kizima kikakimbilia uwanja wa shule na mablanketi. Kilichoshuka mlimani kilikuwa ng'ombe wetu wenyewe wakirudi kutoka malishoni. Tangu siku hiyo Curdin Vonzun, mwenyekiti wetu, kila alipokutana naye alimuuliza, "Daktari, leo ni mlima au ni ng'ombe?" Flurina alicheka pamoja naye, akaenda akaipima namba ile upya majira yote manne, kisha akajiwekea sheria kwamba haiguswi tena kwa sababu ya mtu yeyote kutaka jibu fulani.

Tarehe 20 Mei 2022 alisema ni mlima. Wengi walinung'unika, Curdin zaidi ya wote, maana jibini lake lilikuwa rafuni, lakini ni yeye aliyepiga kengele, na watu wakahama. Tarehe 3 Juni mwamba ulishuka ukafunika barabara ya juu na banda la mbuzi la Aita, ukasimama kwenye ukuta wa shule. Hakuna mtu aliyeumia, na mbuzi pia walikuwa bondeni. Curdin alikwenda kwa Flurina akavua kofia, na hilo kwa Curdin ni hotuba ndefu. Hata hivyo nusu ya mwamba ilibaki juu. Jachen aliunga mkongo uliokatika, na ofisi ya jimbo ikaagiza kwamba harudi mtu mpaka michoro ya Uraglia na vipimo vyao vikubaliane kuwa mlima umetulia. Aita aliapa kwamba yeye hatalala tena chini ya Sgrischa, akapanga nyumba bondeni, karibu na hospitali.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Aliwaambia madaktari anaomba jambo moja tu, afie kwenye nyumba ya pili chini ya kanisa. Lakini nyumba ilikuwa ndani ya eneo lililofungwa, na majira yale yote ya baridi mlima uliendelea kunguruma kwa sauti ambayo ni Uraglia peke yake iliyoisikia. Namba ilikuwa mkononi mwake. Jachen, aliyekuwa akimlisha supu ya shayiri kwa kijiko huko bondeni, alishindwa kuvumilia.

"Ipandishe kidogo tu, mke wangu. Nani atajua?"

"Ukinipeleka leo, nani atanibeba kaburini? Wabebaji wote mtakuwa chini ya mwamba pamoja nami."

Jachen alitoka nje akalia, na familia ikaanza kujiandaa kwa mazishi ya ugenini.

Theluji ilipomaliza kuyeyuka, Mei 2024, ikafika siku ya kusoma michoro upya. Flurina alikuwa amebaki mifupa, lakini akili ilikuwa kali kama zamani. Alikataa kutazama. Alimwita Aita, akamwekea kompyuta mapajani.

"Dada, mimi hata simu inanishinda. Mwambie Jachen."

"Jachen ananitaka nyumbani kuliko ninavyojitaka mwenyewe. Mimi nami nataka mno. Wewe unauogopa mlima. Anayeogopa ndiye aangalie."

Aita aliandika kwa kidole kimoja, akakosea, kompyuta ikamkatalia, dada yake akacheka mpaka akakohoa. Kisha mchoro ukaja, mweusi juu hadi chini, ila mstari mmoja mwembamba uliopanda barabara. Aita alisema kuna kitu kinatembea. Flurina, macho yamefumbwa, aliuliza kama kinakwenda mbio, akajibiwa kwamba kinakwenda polepole, kinasimama, kinaendelea.

"Basi huyo ni Curdin. Ameenda tena kuangalia jibini lake."

Mwenyekiti amekiri, na yupo hapa, mwaweza kumuuliza. Lakini Aita hakutosheka. Alidai michoro ya wiki zote za kuyeyuka kwa theluji, akaitazama mmoja mmoja akiutafuta mlima kama mtu anayemtafuta mwizi chini ya kitanda. Hakuupata. Ukweli usemwe, alitamani kuupata, maana mlima ukikataa, dada angebaki bondeni, karibu na daktari na karibu naye. Akamwambia Flurina, "Kumetulia. Nenda nyumbani." Ofisi ya jimbo nayo ikapima, ikakubali, na tarehe 18 Mei barabara ikafunguliwa. Flurina alipandishwa mlangoni kwake kwenye kiti kilichobebwa na Jachen na Curdin, akiwaelekeza njia nzima jinsi ya kubeba. Aita alihamia chumba cha pili. Usiku wa kwanza alikaa kitandani amevaa viatu.

Marehemu aliishi nyumbani wiki zaidi ya sita, akisikia watu wakikata majani na kugombania mipaka kama zamani, na alisema hakuna muziki uliozidi huo. Alfajiri ya Jumatano tarehe 3 Julai 2024 Aita aliingia kumgeuza, nywele zikiwa bado zimemvurugika kwa usingizi. Flurina alizitazama nywele zile.

"Ulilala?"

"Nimelala, dada. Mpaka asubuhi."

"Haya," akasema, akafumba macho. Alifariki kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Jachen.

Marehemu ameacha mume, Jachen; watoto, Andri na Ladina; mjukuu mmoja, Mengia; mdogo wake Aita; na kijiji kizima cha Pradsura, wote wazima. Apumzike katika udongo huu, ambao aliutamani kuliko kitu chochote na hakukubali kuurudia mpaka ulipokuwa salama kwetu sote.