Historia ya Marehemu Kaka Besi, Mpiga Gitaa na Mwandishi wa "Kiti cha Jumamosi"

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika leo, Jumamosi tarehe 11 Februari 2023, kazi ya kuwasomea historia hii familia imemkabidhi mdogo wake marehemu wa mwisho, yule ambaye ukoo mzima humwita Kitindamimba ingawa sasa ni bibi mwenye wajukuu, na kwa kuwa historia ya namna hii husomwa kwa nafsi ya tatu, atakapofika mahali panapomhusu atajitaja kama mtu mwingine, kwa hiyo msimshangae.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1953, saa tisa alasiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi wa kuchomelea na mshonaji wa nguo, na jina alilopewa na wazazi alilitumia kwenye vyeti tu, maana tangu ujana wake watu wote, hata mama mzazi, walimwita Kaka Besi. Nyumbani kulikuwa na redio moja juu ya kabati, mbele yake wakikaa watu wazima, na nyuma yake, kati ya kabati na ukuta, wakijibana watoto, na huko nyuma sauti nzito husikika kuliko nyembamba, basi mtoto huyu akaipenda sauti nzito kabla hajajua inatolewa na chombo gani. Baba alipotaka kumhamishia mbele, kwa kuwa alikuwa mtulivu kuliko wenzake, alikataa, akasema huko mbele muziki hauna miguu.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akamaliza mwaka 1966, kisha akasoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, ambako alikuwa wa kwanza katika insha na wa mwisho katika hesabu kwa uaminifu usioyumba, na mwezi Juni 1969 alisimamishwa masomo kwa wiki moja kwa kosa la kutengeneza gitaa la besi kwa sanduku la sabuni, mpini wa fagio na waya wa breki, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa wa baiskeli ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, ambaye nusura agonge ukuta siku hiyo, alimsamehe baada ya kusikia lile sanduku likipigwa, lakini waya hakurudishiwa.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msomaji wa prufu, yaani mtu wa kupitia kila ukurasa na kutafuta makosa kabla haujachapwa, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili hadi alipostaafu Aprili 2013, na wenzake mliopo hapa mnajua kwamba hakuna nukta iliyowahi kupita mbele ya macho yake bila ruhusa. Mwaka 1974 alijiunga na bendi ya dansi iliyokuwa ikifanya mazoezi katika karakana ya seremala, baina ya vitanda visivyokwisha na makabati yasiyo na milango, akapiga besi humo kwa miaka kumi na tisa, na mwaka 1979 gazeti la kila wiki lililochapwa pale kiwandani lilimpa safu ya kuandika habari za muziki na kumbi zake, ndiyo hiyo "Kiti cha Jumamosi".

Kuhusu alichokipenda hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu alikiandika chote. Alipenda muziki wa dansi wa zamani, ule ambao gitaa linauliza na tarumbeta linajibu bila haraka, alipenda kwaya zisizo na chombo chochote, bendi za matarumbeta zikipita barabarani, na filamu za zamani ambazo alizitazama kwa macho yaliyofumbwa ili asikie vinanda, na hakupenda mashine ya kupiga ngoma, ambayo alisema ni mfanyakazi asiyeumwa, asiyechelewa na asiye na la kusema. Kumbi alizijua kama mganga ajuavyo mizizi, ukumbi wa wafanyakazi wa reli wenye roshani ya mbao, kantini ya posta ambayo muziki wake ulinuka kahawa, bwalo la shule lililorudisha kila sauti mara mbili, na baa ya nyuma ya soko ambayo mvua ikinyesha juu ya bati mpiga ngoma alikwenda kupumzika. Alikuwa na santuri mia sita na kumi na mbili, mabango ya dansi ukuta mzima, na kamusi tano alizozisoma kitandani kama watu wengine wasomavyo hadithi, na angeweza kukuazima suruali aliyoivaa kabla hajakuazima santuri.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wifi yetu aliyekaa hapa mbele, mwanamke ambaye akiita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja huitika hata wasio wake, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni fundi umeme, wa kiume anayeendesha treni ya mizigo, na binti mdogo anayefundisha hesabu, jambo ambalo baba yake alilitangaza mtaani kama muujiza.

Sasa tumefika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au paachwe, na wengine walisema wafu hawasemwi, lakini marehemu alikuwa msomaji wa prufu, naye hakupenda ukurasa wenye kosa upite.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987, Kitindamimba, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kuimba peke yake, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, akiwa amevaa gauni ambalo mama alilishona kwa wiki tatu, na wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa, lakini Jumamosi iliyofuata mcheza kwao alichambuliwa kama karanga. Kaka yake, akiogopa kuambiwa anapendelea ndugu, aliandika kwamba sauti ya mwimbaji huyo ni nyembamba, inafika kwa kuchelewa, na kwamba ingefaa atafute kazi nyingine mapema. Kitindamimba alilisoma gazeti lile akiwa amesimama kwenye duka la kona, na muuza duka, ambaye alikwisha kulisoma, alimpa peremende. Mwezi uliofuata aliomba kazi ya opereta wa simu, akaipata, akafanya kwa miaka thelathini, akiwaambia watu wasubiri kidogo, wanaunganishwa, na hakuimba tena mbele ya mtu yeyote, hata wanawe waliolala kwa kubembelezwa na redio.

Ndugu hawa hawakununiana, hilo lieleweke, walikula pamoja, waliuguzana, na paa la nyumba ya Kitindamimba lilipovuja aliyepanda juu ni Kaka Besi, ila likitajwa suala la kuimba mmoja alikumbuka kazi jikoni na mwingine akafungua kamusi.

Ijumaa tarehe 27 Novemba 1998 chekechea ya wifi ilifanya mahafali yake katika ukumbi uleule wa reli, na Kaka Besi akaenda kukaa kwenye kiti chake, maana kwa miaka yote alikaa kiti kilekile, chini ya roshani, kando ya nguzo ya pili, kwa sababu ndipo besi ilipomfikia vizuri kuliko popote ukumbini. Mke wake akasimama jukwaani kusoma majina ya watoto, na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu amwoe, hakumsikia sawasawa, sauti ile inayojulikana mitaa mitatu ilimfikia nyembamba, imechoka, imechelewa. Akainuka, akasogea katikati ya ukumbi, akaisikia nzima. Akarudi chini ya roshani, ikawa nyembamba tena, na wazazi wenzake wanakumbuka walivyomwona akienda na kurudi mara nne, wakadhani anatafuta choo. Kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu mwingine, mpiga besi alikuwa amechagua mahali panapoipendelea besi, kisha akakaa hapo miaka kumi na tisa kuhukumu waimbaji.

Jumapili yake alikuja kwa miguu nyumbani kwa Kitindamimba, akakaa kwenye ngazi ya mlango kwa kuwa hakuthubutu kuingia, akaeleza yote, na alilia, mtu mzima yule. Mhariri alikataa kuchapa masahihisho, akisema gazeti husahihisha majina na tarehe, halisahihishi masikio, lakini Kaka Besi alimganda wiki tatu mpaka yakachapwa chini ya ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la cheti kilichopotea. Kitindamimba aliyasoma, akayakunja, akamwambia kaka yake kwamba amemsamehe, ila maji yakimwagika hayazoleki, na msomaji wa historia hii anakiri kuwa kichwa chake ni kigumu, nyote mnajua, na kwamba maneno yale ya kusamehe yalitoka mdomoni tu.

Tangu hapo marehemu alibadili namna yake ya kufanya kazi, kila ukumbi alikaa mahali patatu, mbele, katikati na nyuma, na kila makala aliianza kwa kutaja alipokaa, na vijana wanaoandika habari za muziki siku hizi walijifunza hilo kwake. Na kila mwaka mwezi Desemba, mara moja tu, alimwomba mdogo wake amwimbie, na kila mwaka alijibiwa aulize mwakani.

Mwezi Mei 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hali hiyo aliivumilia kwa utani, akisema ile mashine inapiga mapigo manne kwa nne bila kukosea na ndiyo maana haiwezi kuitwa mwanamuziki. Desemba 2022 ilikuja ikapita bila Kaka Besi kuuliza. Kitindamimba alilingojea siku hadi siku lile swali alilolichoka kwa miaka ishirini na minne, mwezi ukaisha, na hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko alivyoogopa alipoelezwa na daktari.

Jumapili tarehe 29 Januari 2023, saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa hospitalini, Kitindamimba alimwomba ruhusa muuguzi wa zamu, akasimama mbele ya kitanda cha kaka yake, akaimba wimbo uleule wa ukumbi wa reli, beti zote tatu. Mgonjwa, ambaye asubuhi hakuweza kushika kikombe, aliagiza kwanza kitanda kigeuzwe, dirisha lifungwe, na mwimbaji asogee kushoto. Baadaye aliomba kalamu, na nyuma ya fomu ya vipimo, kwa siku mbili, akaandika makala yake ya mwisho, ambayo familia imeona isomwe kama ilivyo.

"Kiti cha Jumamosi, ingawa leo ni Jumapili. Ukumbi ni wadi ya wanaume, vitanda sita, dari la chini, sauti hairudi. Msikilizaji alilala hatua nne kutoka kwa mwimbaji, uso kwa uso, hakuna nguzo. Sauti ni pana, ina uzito chini na nafasi juu, na inafika kwa wakati. Ubeti wa pili alishuka kidogo na pumzi aliivuta mahali pabaya. Mwaka 1987 mwandishi huyu aliandika vingine. Alikosea, na watu wakakosa sauti hii miaka thelathini na mitano. Mwimbaji asingoje kuombwa."

Kuhusu ubeti wa pili, familia inakubali kuwa alisema kweli, mwimbaji alikuwa analia, na alipojitetea hivyo kaka yake alimjibu kwamba msikilizaji halipi kiingilio cha machozi.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, usingizini, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi kumi na siku tano, na ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, muuguzi wa zamu aliyejifanya hasikii kelele wadini, wagonjwa watano wa vitanda jirani walioomba wimbo urudiwe, majirani waliopika na kulala nasi, wanamuziki wenzake waliombeba, na wafanyakazi wastaafu wa kiwanda cha uchapaji, ambao jana waliipitia historia hii na kukuta makosa matatu, wakasema marehemu angekuta matano.

Kaka, ulikosea mara moja, ukalisahihisha kosa lako mpaka pumzi ya mwisho, na mdogo wako alikusamehe kwa mdomo mwaka 1998 na kwa moyo wote tarehe 29 Januari, samahani kwa kuchelewa. Pumzika sasa kwa amani, umeimaliza kazi. Na ninyi mliokaa nyuma, chini ya baraza, tafadhali inukeni msogee huku mbele, mkaribie kabisa, kwa maana Kitindamimba anaweka karatasi chini, anataka kuimba, na hakuna aliyemwomba.