Mwalimu Awadhi na Swali la Nondo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Awadhi Hamudi anastaafu, akiwa amefundisha baiolojia kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Masasi, kisha hapa kwetu Newala. Ameomba tusimsifu. Anasema anaona aibu. Mimi, mhazili wa shule, nimepewa kazi ya kuandika, na aibu hiyo naieleza kwa ruhusa yake.

Wengi tunamkumbuka kwa mfuko wa shati uliojaa vumbi la chaki, na kwa kuwasubiri wanafunzi waliokwama kwenye foleni ya maji kabla hajaanza somo. Kuna siku aliwaagiza kidato cha pili walete nondo, akimaanisha wadudu wale wanaozunguka taa. Mohamedi, mtoto wa fundi ujenzi, akaja na chuma begani. Mwalimu alicheka mpaka akakaa, kisha akakitumia kuelekezea michoro ubaoni.

Kwa miaka mingi alifundisha kwamba nondo akitua kwenye gome jeusi hujibadilisha awe mweusi. Siku moja binti yangu Pendo akamwuliza, "Mwalimu, sasa wanaoliwa na ndege wamesahau kujibadilisha?" Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia akae, aache utani. Pendo hakuuliza tena.

Baadaye, kwenye semina Masasi, Mwalimu akaelewa kwamba hakuna nondo anayejibadilisha. Huzaliwa wakiwa na rangi tofauti. Wale wanaofanana na gome hawaonekani upesi, basi wanabaki hai, wanataga, na watoto wao hufanana nao. Vizazi vikipita, wengi wanakuwa wa rangi ya gome. Alipanga kumwomba Pendo radhi mbele ya darasa. Lakini malaria ilimchukua Pendo, Mwalimu akiwa bado huko. Alikuja msibani moja kwa moja kutoka stendi, na begi lake la safari mkononi.

"Mama Pendo, nilimnyamazisha mtoto, kumbe aliuliza la maana," alisema.

Wiki iliyofuata aliliambia darasa kwamba alikosea. Tangu hapo somo lile alilifundishia nje, kwa nondo wa karatasi, wengine wamepakwa mkaa, wengine majivu, wamebandikwa kwenye mikorosho ya shule. Wanafunzi ndio walikuwa ndege wa kuwasaka. Hakumkalisha tena mtoto mwenye swali, na wawili kati ya watoto wale leo ni walimu wa baiolojia.

Mwalimu, umetuma habari kwamba siku ya sherehe utakaa nyuma, maana hustahili meza kuu. Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Jioni ya siku ile ya swali Pendo aliniigizia sauti yako ukimwambia akae. Tulicheka wote wawili, sufuria ikaungua. Kisha akasema, "Mwalimu Awadhi atanijibu tu, mama. Anachelewa, lakini anajibu."

Tunakushukuru. Upumzike vema na familia yako, uone mikorosho yako ikizaa. Siku ya sherehe njoo ukae mbele. Swali la mwanangu ulishalijibu.