Mama Hakuugua kwa Muda Mfupi

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Diana, mwanawe wa pili, nawasomea maisha ya mama yetu, Simaloi Lengai Laizer, na ndani yake limo neno ambalo wazee wa ukoo walitaka lifutwe, nasi hatukulifuta.

Mama alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967 hapa Olmotonyi, akamaliza darasa la saba mwaka 1981, kidato cha nne 1985, na mwaka 1988 akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu za afya, huku babu akiulizwa kila siku ya soko Ngaramtoni kama binti huyu ataolewa na makaratasi. Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na baba yetu, Oscar Yiamat, aliyetangulia mwaka 2014, wakajaliwa Elinaza, mimi na Blessing.

Tangu mwaka 2012 alifanya kazi idara ya dharura katika hospitali moja ya jijini, akiandika kila anayeletwa anatoka mtaa gani na ameletwa na nini, ili mkoa ujue ugonjwa unaanzia wapi kabla haujasambaa. Mwaka 2018 aliona wanaoharisha wengi wanatumia kisima kimoja cha kata ya Levolosi, akaambiwa asubiri wakubwa wakutane, akapiga simu mkoani asubuhi hiyohiyo, kisima kikafungwa, naye akahamishiwa stoo, akaenda amebeba kiti chake mwenyewe, na baada ya miezi minne akarudi nacho. Kila aliyeletwa na kiharusi, Mama alimuuliza aliacha lini dawa za presha, na kwa majibu hayo kliniki ya presha ikaanza kufanyika Ngaramtoni siku za soko.

Mama naye alikuwa na presha tangu mwaka 2016, na Juni mwaka huu, alipojisikia mzima, aliacha dawa bila kumwambia mtu. Tarehe 2 Septemba 2025 alianguka shambani, akapelekwa kwenye idara yake mwenyewe, na mwenzake Namelok aliposhindwa kumuuliza lile swali kwa machozi, Mama, ingawa mdomo wake ulikuwa umepinda, alijibu bila kuulizwa, na hakutulia mpaka jibu lake likaandikwa. Alifariki tarehe 5 Septemba.

Wazee wetu, shikamooni, mlituomba tusome kwamba aliugua kwa muda mfupi, ili asichekwe. Mama aliugua miaka tisa, akafa kwa kiharusi baada ya kuacha dawa. Atakayecheka na acheke, ila kwanza akameze vidonge vyake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi hapa, wafanyakazi wenzake, na Namelok aliyeandika huku analia.

Mama, limeandikwa, na leo limesomwa mbele ya watu, sasa pumzika kwa amani.