Grupu ya Mazishi Iliyobaki na Watu Wawili

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, hata na wewe wa kiti cha nyuma unayechungulia simu! Leo sikugombezi, maana Mungu alinitoa shimoni kwa simu. Mimi ni Mama Ndinda wa Masii, na nimesimama hapa nikiwa na fahari.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mtu akifariki, grupu ya mazishi inafunguliwa kwa simu siku hiyo hiyo. Mume wangu alipokufa, nusu ya Machakos iliingia humo. Asubuhi pole, jioni maombi. Tukamzika. Kabla udongo haujakauka wakaanza kujitoa. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Hata shemeji zangu! Iliniuma kama kuzika mara ya pili.

Hapa kanisani niliitikia, "Niko sawa." Sikuwa sawa! Chakula kilinishinda. Mvua ilinyesha, mbegu zikabaki kwa gunia. Nikilia, naambiwa nijikaze, mama wa imani halii hivyo.

Basi, nikidhani grupu imebaki tupu, nikaanza kumsemesha marehemu humo kwa ujumbe wa sauti. Nilimwambia mbuzi amezaa. Nilimgombeza kwa kuniacha. Siku moja nikamwambia, "Baba Ndinda, hii maisha siitaki tena."

Haikupita muda, simu ikalia.

"Mwaitu, mama yetu, ni Katunge. Mimi sikutoka kwa grupu. Nimefungua sauti zako sasa hivi. Uko na nani hapo nyumbani?"

Katunge ni binamu ya mume wangu, kaunsela wa ushauri nasaha pale mjini. Jameni, aibu niliyoona! Lakini hakukata simu mpaka dada yangu akafika. Kesho yake dada akanipeleka kwa daktari. Kisha kila Jumatano mimi na Katunge tukawa tunaonana kwa video, nami nimepanda jiwe nyuma ya boma kutafuta network. Majirani wakasema Mama Ndinda amerukwa na akili, anaongea na mawe. Waseme! Katunge hakuniambia nijikaze. Aliniuliza ninalala vipi, na marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nililia, nikamsimulia vituko vyake, nikajikuta nacheka. Haleluya! Mvua iliyofuata nilipanda mbaazi.

Ile grupu hatukuifunga. Tuliibadilisha jina, tukaiita Wajane na Wazazi Waliofiwa, tukawaingiza wenzetu, na admini ni mimi! Mimi niliyeishia darasa la saba! Katunge anatuongoza. Jumatano iliyopita mama mmoja wa Kinanie, ambaye tangu aingie alikuwa akisikiliza tu, alitaja jina la mwanawe. Akalitaja tena kwa sauti kubwa. Sote tukaitikia jina hilo. Niliona fahari, ndugu zangu, kuliko siku ya harusi yangu!

Asante Yesu! Mtegemee, mpendwa, hakuachi. Na kama leo mlangoni umeniambia uko sawa na si kweli, nitafute ibada ikiisha. Uniambie ulimpoteza nani. Niko na nafasi ya kukusikiliza.